Difragi siku mbili bado iko asilimia 9, XP ya zamani, naombeni msaada

mpigachapa_moro
Habari zenu wakuu. Nina steshenari ndogo huku Morogoro, kazi zangu ni kuchapa barua, mitihani ya shule za jirani na picha za pasipoti. Kompyuta ni Pentium 4 ya mezani, RAM 1GB, diski 80GB ile ya zamani ya waya mpana wa IDE, Windows XP SP3, na haijaunganishwa na intaneti kabisa. XP siwezi kuiacha maana printa yangu kubwa inakubali draiva za humo tu na ndiyo inayolipa kodi ya fremu.

Shida ni difragi, ile programu ya Windows ya kuunganisha vipande vya faili vilivyotawanyika kwenye diski. Zamani nilikuwa naiwasha nikifunga duka, asubuhi nakuta imeisha. Safari hii nimeiwasha ijumaa saa kumi na mbili jioni, leo jumapili usiku iko asilimia 9, ule mstari wa rangi umejaa nyekundu (faili zilizokatika vipande), bluu (zilizopangwa) ya kutafuta. Ikiwa inafanya kazi mshale wa mausi unarukaruka, hata kwaya ninazofungulia wateja zinakatakata kama redio yenye betri mbovu, na feni inavuma mda wote. Nafasi iliyobaki ni 5GB. Sikumbuki imeanza lini hasa ila kama miezi miwili iliyopita fundi alinifungulia CPU akaniwekea CD raita, kabla ya hapo sikuwahi kuona hivi.

Kuna namna ya kuiharakisha? Jirani kanishauri nipige Windows upya ila naogopa, mafaili ya wateja ni ya miaka mingi na nakala ninazo chache kwenye fleshi.

kijana_wa_kitaa
Kaka weka SSD tu, ile diski ya chipu isiyozunguka, hutasumbuka na difragi tena maisha yako.

mama_tuisheni
Pole kaka yangu, mimi ninazo tatu za aina hiyo kwenye kituo changu cha tuisheni najua hayo mateso. Hiyo 5GB ndiyo inayokumaliza, difragi ya XP inataka angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi, kwa diski yako ni kama 11GB hivi, maana inachukua vipande vya faili inavipanga kwanza sehemu iliyo wazi ndo inaachia pale vilipokuwa, sasa kama hakuna pa kupangia inabaki kuhamisha kitu kimoja huku na kule. Ni kama kupanga chumba kilichojaa makreti mpaka mlangoni, lazima utoe mengine nje kwanza.

Pa kupata nafasi: System Restore, pale XP inapotunza nakala za kurudishia mfumo nyuma, kwa kawaida inaipa mpaka asilimia 12 ya diski, kwako hiyo ni karibu 9GB zimekaa tu. Nenda My Computer kitufe cha kulia, Properties, System Restore, ishushe iwe asilimia 2 au 3. Halafu kama umewasha Hibernate, ile ya kuzima kompyuta ikikumbuka ulipoishia, izime, ile faili yake ina ukubwa sawa na RAM yako. Halafu Disk Cleanup. Picha za pasipoti za zamani zihamishe kwenye diski ya nje. Na usiku unapoiacha zima antivairasi na skrini seva, kila kitu kinachoandika kwenye diski kinaivuruga, mimi kuna mashine ilikuwa inachukua usiku mzima nilivyozima hivyo tu ikaanza kumaliza kabla sijalala.

fundi_wa_waya
Mkuu kabla ya yote, SIMAMISHA hiyo difragi sasa hivi. Bonyeza Stop, haina madhara, vilivyokwisha kupangwa vinabaki vilivyo. Mama yuko sahihi kuhusu nafasi na ufanye hivyo, ila nafasi ndogo haifanyi mausi irukeruke wala haikati muziki. Hapo kuna kitu kingine, na diski ikiwa inakufa halafu wewe unailazimisha isome na kuandika siku mbili mfululizo unaisukuma kaburini na mafaili ya watu yakiwa ndani.

Kwa hiyo kwanza nakili mafaili ya wateja nje, leo leo, hata kama itachukua usiku kucha. Halafu tafuta toleo la zamani la CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, linalokubali XP, lilete kwa fleshi, lifungue utuambie namba za mistari mitatu: 05, C5 na C7. 05 ni sekta (vijisehemu vya diski) zilizokufa zikabadilishwa, C5 ni zinazosubiri maana zimegoma kusomeka, hizo mbili zikiwa na kitu sahau difragi kabisa tafuta diski nyingine. C7 ni habari tofauti, hiyo inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na maza bodi.

Pia nenda Device Manager, fungua IDE ATA/ATAPI controllers, Primary IDE Channel, Advanced Settings, soma pale Current Transfer Mode wameandika nini. Usibadilishe kitu, soma tu.

Na wewe kijana, SSD ushauri mzuri ila hizi za kawaida ni SATA, yaani za waya mwembamba, na maza bodi yake ni ya IDE, itabidi adapta, na adapta nyingine ni mbovu kuliko ugonjwa wenyewe.

mpigachapa_moro
Asanteni sana, nimeisimamisha. Kunakili kumenichukua usiku wa juzi na jana mchana wote, faili la 700MB dakika kama tano, nikashangaa.

CrystalDiskInfo ni ya bluu imeandika Good. 05 ni sifuri tupu. C5 sifuri tupu. C7 ni 0000000001A4. Kwenye Device Manager wameandika PIO Mode. Hiyo ni mbaya?

fundi_wa_waya
Diski yako ni nzima, shukuru Mungu. Tatizo tumelipata.

Hiyo 1A4 imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ukiigeuza ni 420. Mara 420 data imefika imeharibika ikabidi irudiwe. XP ina tabia moja, makosa ya namna hiyo yakirudia mara sita inashusha gia, inatoka DMA inashuka ngazi kwa ngazi mpaka PIO, na haipandi tena yenyewe hata ukiwasha upya mara mia. Kwenye DMA diski inapeleka data kwenye RAM moja kwa moja, prosesa inaendelea na mambo yake. Kwenye PIO prosesa ndiyo inayobeba kila kipande kwa mkono wake, ndo maana mausi inaruka, kwaya inakatika na feni inavuma. Ultra DMA 5 kikomo chake ni 100MB kwa sekunde, PIO kikomo ni 16.7 na hapo ni kwenye karatasi tu, kwako 700MB kwa dakika tano ni kama 2.3 kwa sekunde. Difragi inasoma na kuandika kila kitu, utamaliza lini?

Sasa chanzo. Zima, chomoa umeme, fungua CPU uangalie ule waya mpana. Nina wasiwasi alipoingiza CD raita aliukunja. Angalia pia uzi wake, waya mzuri una nyuzi 80 nyembamba sana, wa zamani una 40 nene kidogo, huo wa 40 hauvuki 33MB kwa sekunde. Kichwa cha bluu kinaenda maza bodi, cheusi kwenye diski. Badilisha waya KWANZA, halafu ndo urudi Device Manager, bofya kulia Primary IDE Channel, Uninstall, washa upya, XP itaitambua upya na kuanza na DMA. Ukifanya ya pili bila ya kwanza itarudi PIO ndani ya siku chache.

Baada ya hapo pitisha chkdsk c: /f, ya kukagua na kurekebisha makosa ya diski, itakuuliza ifanye ukiwasha upya, jibu Y. Mwisho kabisa ndo difragi.

mama_tuisheni
Na kama una faili moja moja kubwa linalokusumbua kuna kaprogramu kadogo ka Sysinternals kanaitwa Contig, kanapanga faili moja tu unalolitaja, huna haja ya kugusa diski nzima. Mimi natumia kwa faili la matokeo ya wanafunzi.

mpigachapa_moro
Wakuu nimerudi. Nimefungua jumamosi, waya ulikuwa umekunjwa mara mbili umebanwa kati ya CD raita na bati la kesi, pale kwenye kona plastiki imechanika mpaka nyuzi mbili tatu zinaonekana zinang'aa. Nimepata wa nyuzi 80 kwenye CPU mbovu ya rafiki yangu, bure. Nikatoa Primary IDE Channel kama ulivyosema, ikataka kuwashwa mara mbili, sasa inasoma Ultra DMA Mode 5. Nafasi nimefikisha 19GB baada ya kushusha System Restore na kuhamisha picha za nyuma.

Difragi nimeianza saa moja usiku nikakaa nayo nione kwa macho, saa tatu na dakika kumi imeisha. Saa mbili na dakika kumi tu! Mstari wote bluu, zimebaki nyekundu mbili tatu karibu na ile kijani ya faili zisizohamishika. Kwaya ilikuwa inaimba mda wote haikukatika hata mara moja, mke wangu kaniuliza nafurahia nini peke yangu. C7 bado ni ile ile 1A4, nitaifuta vipi?

fundi_wa_waya
Haifutiki, imeandikwa ndani ya diski yenyewe. Iangalie tena baada ya wiki, ikibaki 1A4 waya wako mzuri.

mpigachapa_moro
Wiki imepita. 1A4.