Vifuko vya utumbo mpana: kuchana tumbo au matundu?

Baba_Zawadi: Wakuu habari. Mzee wangu ana vile vifuko kwenye utumbo mpana, kushoto huku chini, vimemchachamalia mara kadhaa mpaka analazwa anachomwa antibiotiki. Daktari kasema kipande kikatwe. Hospitali moja wanachana tumbo, bei ya kawaida, nyingine wanafanya ya matundu ila bei imechangamka. Sasa kama kinachotolewa ni kilekile nalipia nini?

nesi_wa_zamu: Unalipia kupona. Ndani ni kilekile, sigmoidi (kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana huko kushoto chini) inatoka, ncha zinaungwa. Ya matundu anajazwa gesi tumbo linyanyuke, kamera inaingia, na mwisho lazima wachane kidogo kutoa kipande, so mkato upo tu. Ila maumivu pungufu na anaamka kutembea mapema. Begani panaweza kuuma siku za mwanzo, ni ile gesi, msidhani moyo.

MtuWaPwani: Bei baadaye, kwanza uliza huyo daktari kafanya ngapi za UTUMBO, za kidole tumbo hazihesabiki. Utumbo uliovimba mara kwa mara unagandana na kibofu, akikuta hivyo akaamua kuchana katikati ya kazi usimlaumu. Na aunge chini kwenye rektamu, pale utumbo unapoishia karibu na njia ya haja, akibakiza sigmoidi yanaweza kurudi yaleyale

Dada_Leicester: Kwani lazima akatwe? Zamani ilikuwa ukiugua mara mbili tu unapangiwa, siku hizi huku Uingereza wanaangalia inavyokusumbua. Mama mkwe alisubiri wiki kama 6 uvimbe utulie ndo akapigwa kolonoskopi, ile kamera ya kupitia njia ya haja kubwa, kuhakikisha sio kansa. Mzee keshapigwa?

Baba_Zawadi: CT skani tu dada

Dada_Leicester: Basi anzeni na kolonoskopi, huko kwingine mnakimbilia

kijana_mwanza: mkisubiri utumbo ukipasuka je?? anko ulimpasukia usiku, hapo huchagui kitu, alichanwa akaamka kabandikwa mfuko wa kukusanyia choo tumboni, kuja kumuunganishia utumbo ni oparesheni nyingine tena

nesi_wa_zamu: Pole kwa anko, ila kupasuka mara nyingi ni kwenye shambulio la kwanza, sio kwamba kila likirudi hatari inazidi. Hata hivyo mfuko wa muda unaweza kuwekwa hata kwenye ya kupangwa, mzee aambiwe kabla.

Baba_Zawadi: Nimewaelewa, kesho naulizia kolonoskopi. Bima inalipia ya matundu?

MtuWaPwani: Inategemea kifurushi, omba kibali kwa maandishi kabla hajalazwa. Na uulize steplaa za kuungia utumbo zimo au unatoa mfukoni, maana zinatumika mara moja zinatupwa na hapo ndo bei inaporuka