MJADALA: Daktari apate pointi zote za leseni kwa kozi za mtandaoni, au lazima semina iwepo?

Tabibu wa Wilaya (mleta mada)
Wakuu, naleta mada hii hapa kwa sababu kwenye magrupu ya kazini ikiguswa tu watu wanaanza kutajana majina. Daktari hahuishi leseni bila pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu. Wenzetu Kenya baraza lao linataka pointi 50 kila mwaka, na huku Bara Baraza la Madaktari Tanganyika nalo lina hesabu yake. Swali: pointi zote ziruhusiwe kutokana na kozi za kujisomea mtandaoni, zile zilizorekodiwa ambazo unafungua hata saa sita usiku ukitoka zamu, au sehemu yake lazima iwe ya ana kwa ana?

Mimi nasema ziruhusiwe zote. Hospitali ya wilaya madaktari tunahesabika kwa vidole. Mmoja akienda semina ya siku tatu Dodoma, waliobaki wanaunganisha zamu, na mama mwenye uchungu pingamizi hasubiri mtu arudi. Halafu tuambiane ukweli, semina nyingi zinafuatwa posho. Asubuhi watu wanasaini mahudhurio, saa nne chai, saa saba msosi, ikifika saa tisa mtoa mada anahutubia viti. Pointi zinatoka kamili. Sasa aliyekaa nyumbani akasoma kifafa cha mimba mpaka mwisho na kujibu maswali, kwa nini yeye ndiye aonekane mjanja mjanja?

Na si maneno yangu tu. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalilinganisha mafunzo ya mtandaoni na ya kawaida kwa wahudumu wa afya. Walichokuta ni kwamba tofauti ni ndogo au huenda haipo kabisa, iwe kwenye maarifa, utendaji au hali ya wagonjwa.

Bingwa wa Watoto
Hoja ya posho naikubali, tena umeisema kwa upole. Ila mdogo wangu, hayo mapitio yasome na upande wa pili. Kama mtandaoni na darasani hakuna tofauti, inawezekana vyote viwili havifanyi kazi kubwa.

Mfano upo hapa hapa nchini. Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, walifundisha wahudumu kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumchangamsha, kumpa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kuminya wenye barakoa, ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo yalikuwa ya siku moja, kwa mdoli wa mazoezi. Walipopimwa baadaye kwa mdoli, walikuwa wamepanda vizuri tu. Kule leba, kwa watoto wenyewe, utendaji haukubadilika. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Hospitali haikuishia kulaumu watu. Waliweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, mdoli ukiwa karibu na kitanda cha kujifungulia. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Mkono unasahau haraka kuliko kichwa. Ukiikamata barakoa ya ambu vibaya kidogo, hewa inavuja pembeni na kifua cha mtoto hakinyanyuki. Hilo hata uangalie video mara ngapi hulioni, mpaka mtu akushike kiganja akuambie bana hapa.

Tabibu wa Wilaya (mleta mada)
Bingwa, heshima yako, lakini umenisaidia mimi. Hayo mafunzo ya siku moja yaliyoshindwa Haydom yalikuwa ya ana kwa ana! Mwalimu alikuwepo na mdoli ulikuwepo. Sasa kwa nini baraza linilazimishe kwenda kwenye kitu kile kile ambacho umetuonyesha kimekwama?

Bingwa wa Watoto
Ndiyo. Na sikutetea semina ya hotelini, rudi usome. Ninachopinga ni kwamba ukiruhusu pointi zote ziwe za video, hospitali itafuta hata yale mazoezi madogo yaliyopo, kwa sababu hakuna anayeyahesabu.

Intani Mchovu
Wakubwa shikamooni. Mimi ni mdogo kwenye hili, ila niwape picha ilivyo huku chini. Daktari anafungua somo la saa nzima, anazima sauti, anailaza simu juu ya faili pale meza ya manesi, anaendelea na raundi. Video ikiisha ananiita, "Dogo, hebu nimalizie maswali." Mimi nami sina haja ya kuhangaika, majibu yanazunguka WhatsApp, A B B D C, unajaza cheti kinatoka. Jina la kwenye cheti si langu. Kwa hiyo wanaosema mtandaoni kuna mtihani, mtihani naufanya mimi, na tena naujua kweli kifafa cha mimba sasa hivi 😂

Daktari wa Magharibi (Kenya)
Huku kwetu tumezoea hizi kozi tangu wakati wa korona, na sitaki kudanganya, zimetuokoa. Kabla yake ilibidi usafiri mpaka Nairobi au Kisumu kwa pointi chache na ulipe kiingilio.

Shida yangu mimi ni nani analipia. Kozi ikiwa ya bure kabisa, iko na picha nzuri na mtoa mada ni profesa mkubwa, tafuta nembo iko wapi. Mara nyingi ni kampuni ya dawa. Unasikiliza somo la kisukari, dakika arobaini, na dawa ya bei nafuu inatajwa kama salamu tu, halafu ile mpya inachambuliwa mpaka basi. Ukirudi kliniki mkono unaandika wenyewe. Mgonjwa ndiye anayelipa hiyo kozi ya bure.

Marekani walibanwa na jambo hilo mapema. Chombo kinachoidhinisha waandaaji, ACCME, hakikubali kampuni ya dawa iwe mwandaaji. Inaweza kutoa pesa, lakini haichagui mada wala msemaji. Sisi tukifungua mlango wote bila sheria kama hiyo, tusishangae baadaye.

Bi Mkunga
Wanangu madaktari nawasoma tu. Mnagombania darasa wakati la leba mnalijua.

Mmesikia habari ya ule mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, unaowekwa chini ya mama akishajifungua ukinge damu? Ulifanyiwa utafiti hospitali 80, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, majibu yakatoka 2023. Zamani tunakadiria kwa macho, na macho yanadanganya, damu inanywewa na shuka. Ukiona kwenye mfuko inakimbilia mililita mia tano, hungoji: unasugua mfuko wa uzazi, oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, dripu, traneksamiki ya kuzuia damu, unakagua njia ya uzazi, vyote kwa mkupuo, si kimoja baada ya kingine. Akina mama waliopata balaa kubwa la kutokwa damu walipungua kwa asilimia 60.

Sasa habari hiyo, daktari aliyemaliza chuo miaka kumi nyuma ataipata wapi? Simuni, ndiyo, namuunga mkono mleta mada. Lakini kufanya vyote kwa mkupuo ni kazi ya watu wanne kwa pamoja, usiku, taa ikizimika. Video umeangalia wewe peke yako chumbani kwako. Mimi na nesi mwenzangu hatukuwepo.

Ughaibuni
Nipo Uingereza, nichangie kidogo. Huku baraza la madaktari, GMC, halijaweka idadi ya pointi wala saa. Tangu mwisho wa 2012 daktari anathibitishwa upya kila baada ya miaka mitano, na kila mwaka anakaa na mwenzake aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, anaeleza alijifunza nini na kazini kilibadilika nini. Kusoma mtandaoni ruksa, semina ruksa, hawajali. Vyama vya mabingwa ndivyo vinavyopendekeza pointi, kwa kawaida 50 kwa mwaka.

Msidhani ni pepo. Watu wanalalamika kwamba nayo imegeuka makaratasi, na wengine wanatunga hayo maelezo usiku wa kuamkia kikao. Ila swali analoulizwa daktari ni tofauti na letu.

Tabibu wa Wilaya (mleta mada)
Bi Mkunga shikamoo. Hiyo ya watu wanne umenibana, sina jibu lake kwenye video.

Nirekebishe pendekezo basi. Maarifa mapya, miongozo, dawa, vyote viwe mtandaoni na viwe kwenye faili dogo la kupakua, la sauti na maandishi, maana saa moja ya video inamaliza bando la wiki na huku mtandao ni wa kuwinda chini ya mwembe. Zile pointi zilizobaki zitolewe kwa mazoezi ya wodini, timu nzima, robo saa kila wiki, na mkuu wa idara asaini. Semina ya hotelini isipate pointi hata moja. Hapo nipo tayari kupigwa mawe.

Intani Mchovu
Mkuu, na hiyo ya kusaini si itasainiwa kama mahudhurio ya semina?

Bingwa wa Watoto
Itasainiwa, baadhi yake. Ndiyo maana mimi ningeangalia rejista ya leba badala ya saini. Watoto waliopewa hewa ndani ya dakika moja wameandikwa, akina mama waliotoka damu wameandikwa. Baraza likitaka kujua idara imejifunza, lisome humo.

Daktari wa Magharibi (Kenya)
Ukianza kuhukumu watu kwa rejista, rejista nayo itaanza kupikwa. Nimeona.

Bi Mkunga
Kabla hamjafika kwenye rejista, mdoli wetu upo kabatini tangu wafadhili waondoke na ufunguo anao matron, yupo likizo. Tabibu, ukitaka hiyo robo saa yako ya kila wiki, anza na barua ya kuomba ufunguo wa pili.

Tabibu wa Wilaya (mleta mada)
Barua naandika leo. Ila semina ya Dodoma mwezi ujao siendi, waniandikie wapendavyo.