MJADALA: Java na hifadhidata, tuandike SQL wenyewe au tuiachie Hibernate?

Mtunza_Daftari: Wakuu, habari za jioni. Tunaanza mfumo wa SACCOS, lugha ya Java na hifadhidata ya PostgreSQL. Mwenzangu mmoja anataka JDBC tupu (tuandike wenyewe SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata), mwingine Hibernate (inatutungia SQL hiyo). Ripoti za mikopo ni nyingi kuliko fomu. Tushike lipi?

Bawabu: JDBC. Ipo tangu 1995. Vijana wa Hibernate hata JOIN (amri ya SQL ya kuunganisha majedwali) hawaijui, wamefichwa SQL wakadhani haipo.

Kipanga: Hapo kwenye JOIN umetuvunjia heshima. Nafundisha Hibernate na SQL naandika kila siku. Halafu 1995 ni Java yenyewe kutangazwa. JDBC imekuja na toleo la Java la JDK 1.1, 1997.

Bawabu: Mwaka haubadilishi kitu. Washa logi uone: vuta wanachama 100, pitia mikopo ya kila mmoja, Hibernate itatuma swali 1 la wanachama na mengine 100 ya mikopo. Wanafunzi wako wanalijua hilo?

Kipanga: Wanalijua! Unaandika JOIN FETCH, linabaki swali moja. Na @ManyToOne (kiungo cha mkopo na mwanachama wake) usipoigusa ni EAGER, yaani huvuta data papo hapo, kwa hiyo unaiweka LAZY, ivute ikihitajika tu, mapema. Mimi nimekuta JDBC ya "wazoefu" inabandika jina la mteja ndani ya SQL kwa alama ya +, mtu anaweza kupenyeza amri zake humo. Kwenye fedha za watu!

Mama_Jedwali: Hilo ni kosa la mwandishi, PreparedStatement ya JDBC ipo, inatenga data na SQL. Jamani, mwenzenu kauliza ripoti. Changanyeni: Hibernate kwa kusajili wanachama na kupokea marejesho, ripoti ziandikwe SQL kwa MyBatis au jOOQ, maktaba za Java za kazi hiyo. jOOQ kwa PostgreSQL ni bure. Ingekuwa Oracle mngelipia leseni.

Bawabu: Sikusema wanafunzi wake. Nilisema vijana.

Kipanga: Vijana gani sasa, kama si hao? Futa kauli, kaka.

Mtunza_Daftari: Asante dada. Tukichanganya, ripoti itaona rejesho lililoingia sasa hivi?

Mama_Jedwali: Hapo ndipo watu huumia. Hibernate hushikilia mabadiliko kwenye kumbukumbu kwanza. Kama ripoti iko ndani ya muamala uleule (kundi la hatua zinazokamilika pamoja), ita flush() kabla ili yatumwe kwenye hifadhidata, na jOOQ itumie muunganisho uleule. Ikiwa muamala mwingine, itaona yale yaliyokwisha kukomitiwa (kuthibitishwa) tu. Lijaribuni hilo kabla ya mwanachama kuonyeshwa salio.

Bawabu: Mnaona? flush() ya nini? JDBC haina mambo hayo.

Kipanga: Kauli ya JOIN bado hujaifuta.