Mrejesho: Mama kuonwa mgongo kwa video akiwa Wete, Pemba

Assalaam alaykum. Niliuliza namna ya kumtayarisha mama aonwe kwa video na daktari wa uti wa mgongo aliyeko Dar. Maumivu yanamshuka mguu wa kushoto. Ahsanteni nyote.

Aliyesema simu isishikwe mkononi alisema kweli. Tuliiegemeza juu ya kiti, usawa wa kiuno, mita 3 hivi, dirisha likiwa nyuma ya simu. Dera lilibadilishwa kwa suruali, maana ndani ya dera goti halionekani. Alipotembea kwa visigino, ncha ya mguu wa kushoto ikawa inaanguka. Daktari akamrudisha mara tatu.

Filamu za MRI (kipimo cha kuona ndani ya mgongo) tulizozipiga picha kwa simu dirishani ziling'aa, hazikusomeka. Yakatumwa mafaili ya kwenye CD.

Kupima ganzi, na kugonga goti kwa nyundo kuona mguu unavyoruka, haviwezekani kwa video, kwa hiyo Chake Chake itabidi aende hata hivyo kupimwa kwa mkono. Mama karidhika nusu: boti ya kwenda Dar kaiepuka, ila "hata kunigusa hakunigusa".

Daktari alisisitiza: mkojo ukiziba au ganzi ikiingia sehemu za siri, hospitali papo hapo, msingoje miadi ya video.