Tonto na malwa katika mtungi mmoja, inawezekana?

Mkwe_wa_Kumi
Habari zenu wakubwa. Kwetu ni Bushenyi, magharibi mwa Uganda, wakwe zangu ni Wateso wa Kumi, huko mashariki. Tunawapokea nyumbani mwezi ujao na wazee washaanza kuvutana: wa ukweni wanataka malwa, pombe yao ya wimbi, na mirija yao, wa kwetu wanasema bila tonto, pombe yetu ya ndizi, hiyo si sherehe, ni matanga. Nawaza kuchanganya. Je, nitengeneze kila pombe kivyake halafu nizimimine pamoja, au niunganishe tangu mwanzo, maji ya ndizi na kimea cha wimbi? Nina jerikeni za lita 20 zenye vifuniko vya kukaza.

MamaKimea, Tororo
Mwanangu, tuanze na hivyo vifuniko. Vilegeze! Hizi pombe hunywewa zikiwa hai, bado zinatoa gesi. Tonto yenye sukari iliyobaki ikikutana na malwa yenye chachu kali, shughuli inaanza upya. Jerikeni iliyokazwa itavimba mpaka ipasuke, na wimbi utalikwangua kwenye dari.

Kuunganisha si ajabu. Kwete ya watu wa kaskazini ni nini, kama si unga wa mahindi uliochachishwa, ukakaangwa, ukatiwa kimea cha wimbi? Hata tonto yenu ina mtama uliokaangwa na kusagwa ndani yake. Kwa hiyo atakayekuambia unaharibu mila, mpe kikombe anyamaze.

Ila hizi mbili hazina mwendo mmoja. Unga wa wimbi unakandwa, unafukiwa kama wiki hivi uchachuke, unakaangwa kwenye bati mpaka uwe rangi ya kahawa, unaanikwa, ndipo unatiwa maji na kimea. Hapo tena kimea kinataka muda kugeuza wanga kuwa sukari. Maji ya ndizi yamekuja na sukari yake tayari, siku moja au mbili yameshakuwa tonto. Ukivitia vyote asubuhi moja, chachu itaikimbilia ndizi kwanza, na wimbi likiwa tayari ndizi imeshaanza kuwa siki. Mimi ningeanza na malwa, ikishatoa povu ndipo nitie maji ya ndizi, kikombe kimoja kwa vitatu vya malwa, basi. Mtama uache kabisa. Nafaka mbili za kukaanga pamoja zinaleta uchungu unaong'ang'ania kooni.

Kipepeo77
Mama, na yale maji ya moto je? Malwa bila maji ya moto mtungini Mteso hanywi. Tonto ukiimwagia maji ya moto, harufu yote ya ndizi inapotea. Mimi ningezitengeneza mbali mbali, anayetaka mchanganyiko achanganye kwenye kibuyu chake. Ikiharibika, kimeharibika kibuyu kimoja.

MamaKimea, Tororo
Hapo umesema kweli, na kwa wageni wengi ndiyo njia ya usalama. Mimi nilijibu la kuunganisha kwa sababu ndilo aliloliwaza mwenyewe. Akiunganisha, ule mtungi unywewe bila maji ya moto, na wakwe waambiwe mapema wasije wakaona wamedharauliwa. Halafu maji ya ndizi yachujwe kwa kitambaa. Nyasi za kukamulia zikibaki humo zitaziba vichungio vya mirija, na mzee wa Kiteso akivuta hewa tupu mbele ya watu, hiyo ndoa utaisikia.

Mkwe_wa_Kumi
Asante sana mama. Kimea naweza kununua sokoni?

MamaKimea, Tororo
Nunua, lakini usikubali kilichosagwa tayari. Chukua punje, tafuna: iwe na utamu na ivunjike kwa urahisi, vijizizi viwe vimekauka. Ukisikia harufu ya ukungu, au ukaona rangi ya kijani kwenye vijizizi, mwachie mwenyewe hata akupunguzie bei. Na ujaribu mtungi mdogo wiki hii, ili baba yako aonje kabla ya wakwe.