Bima imekataa waya za meno za mtoto kwa kuziita urembo: nifanyeje?

Mzazi wa Tabata
Habari zenu wakuu. Binti yangu wa miaka 12 ana meno ya juu yaliyochomoza kiasi kwamba midomo haifungi mpaka aibane kwa makusudi, na anapouma, meno ya chini yanachoma ufizi wa nyuma ya yale ya juu na kuacha kidonda. Daktari bingwa wa kupanga meno ameshauri afungwe waya. Kampuni ya bima tunayolipiwa na mwajiri imekataa kutoa kibali kwa maneno matatu tu: "Huduma ya urembo." Je, kuna namna ya kuithibitishia kwamba haya ni matibabu, au nianze tu kutafuta fedha?

Tabibu wa Kinywa, Upanga
Pole sana, mkuu. Hoja yako kubwa ni hicho kidonda. Barua ikisema tu kwamba "meno hayajakaa vizuri", mkaguzi wa madai ataisoma kama urembo, na kwa kweli simlaumu. Mwombe daktari aandike vipimo. Katika kipimo cha IOTN, kilichochapishwa Uingereza mwaka 1989, uhitaji wa matibabu umegawanywa katika madaraja 5: meno ya juu yakiyatangulia ya chini kwa zaidi ya milimita 6 hadi 9 ni daraja la 4, yakizidi 9 ni la 5, na mng'ato unaojeruhi ufizi au kaakaa unaingia daraja la 4 kwa sababu hiyo peke yake. Huduma ya afya ya umma ya huko huwalipia walio chini ya miaka 18 wenye daraja la 4 na la 5. Bima yako hailazimiki kukifuata kipimo hicho, lakini ni vigumu zaidi kuijibu namba kwa neno "urembo". Ambatanisha picha ya kidonda na picha ya mionzi ya taya zote. Aeleze pia kwamba meno yaliyochomoza huvunjika kirahisi mtoto anapoanguka, jambo ambalo kampuni inalielewa haraka kwa kuwa gharama yake inaweza kurudi kwao.

Afisa Madai Mstaafu
Nakubaliana na daktari, ila kabla ya barua yoyote soma kipengele cha huduma zisizolipiwa, kwa sababu ndicho kinachoamua. Kikisema kwamba hawalipii matibabu ya meno "kwa madhumuni ya urembo", una kesi nzuri. Kikisema hawalipii upangaji wa meno wa aina yoyote, ulazima wa kitabibu hautakusaidia hata ukileta madaktari kumi. Hapo mzungumze na mwajiri aombe nyongeza wakati wa kuhuisha mkataba, kwa kuwa skimu za waajiri hujadiliwa, tofauti na anavyodhani mfanyakazi aliyekabidhiwa kadi tu. Angalia vilevile kikomo cha meno kwa mwaka, maana waya hukaa mdomoni mwaka mmoja na nusu au zaidi, na kibali cha mwaka huu si ahadi ya mwaka ujao.

Mzazi wa Tabata
Ahsanteni. Nimekiona kipengele: "matibabu ya meno ya urembo, ikiwemo kung'arisha na kupanga meno, isipokuwa yatokanayo na ajali."

Afisa Madai Mstaafu
Lugha hiyo ina utata, nao unaweza kukufaa, kwani kupanga meno kumetajwa kama mfano wa urembo, hivyo unaweza kudai kwamba kupanga kusiko kwa urembo hakukuzuiwa. Omba kwa maandishi wapitie upya uamuzi, na wataje kipengele walichokitegemea. Wakishikilia msimamo, peleka malalamiko TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake ipo kwa ajili ya wateja kama wewe.

Mama Wawili, Kinondoni
Tafadhali usikubali waya zifungwe kabla kibali hakijatoka, kwani kuna bima ambazo hazirudishi fedha za huduma iliyokwisha kuanza. Ombeni pia ushauri wa daktari, picha za mionzi na jino la kung'olewa, kama lipo, viombewe kibali kila kimoja peke yake, maana hivyo vinaweza kulipiwa hata kama waya zenyewe zimekataliwa.