Kusomea sanaa za maonyesho chuo kikuu: mwanafunzi huandaliwa kwa kazi zipi?

ChipukiziWaJukwaa

Heri kwenu nyote. Ninakaribia kumaliza masomo ya sekondari na ningependa kuomba nafasi ya kusomea sanaa za maonyesho chuo kikuu. Katika kikundi cha maigizo cha shule nimeigiza mara kadhaa, lakini kinachonivutia zaidi ni kuandika majibizano, kupanga nani aingie wakati gani, na kukaa mwishoni mwa ukumbi nikiangalia jinsi hadhira inavyolipokea jambo ambalo sisi tulidhani halina uzito. Wazazi wangu hawakatai, ila wananiuliza swali ambalo sina jibu lake: ukishahitimu, utaajiriwa kama nani? Mjomba wangu anasema uigizaji ni kipaji, na kwamba mwenye kipaji hujifunzia kazini, kwa hiyo miaka mitatu au minne ya darasani ni kupoteza muda.

Nimesoma maelezo ya vyuo mbalimbali na nimezidi kuchanganyikiwa, kwa sababu baadhi vinasisitiza nadharia na historia, vingine mazoezi ya sauti na mwili, na vingine vinaahidi kila kitu kwa pamoja. Naomba wenye uzoefu mnieleze: shahada hii humpa mtu nini ambacho hawezi kukipata kwa kujiunga tu na kikundi cha maigizo? Na je, mtu asiyetaka hasa kuwa mwigizaji ana nafasi katika masomo haya?

NyumaYaPazia

Mdogo wangu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo linalonihusu. Nilisomea sanaa za maonyesho, na tangu nihitimu kazi yangu imekuwa usimamizi wa jukwaa, kazi ambayo hadhira haiioni na ambayo wanafunzi wengi hawajui kwamba ipo mpaka wapangiwe kuifanya. Onyesho la kawaida lina mwongozaji, mbunifu wa mandhari, mbunifu wa taa, mtu wa sauti, mtu wa maleba (mavazi ya waigizaji), mafundi, msimamizi na wasaidizi wake, wauza tiketi na watu wa matangazo. Mara nyingi walio nyuma ya pazia huwa wengi kuliko wanaoonekana mbele yake. Nafasi ipo, tena ni kubwa.

Nikueleze kwa karibu kidogo. Msimamizi wa jukwaa huwa na faili moja nene ambalo onyesho zima hulitegemea. Kila ukurasa wa mswada hubandikwa upande mmoja, na upande wa pili huachwa mtupu ili ziandikwe hapo nyendo zote za waigizaji na ishara zote za taa, sauti na mandhari. Huandikwa kwa penseli, kwa sababu mwongozaji hubadilisha mawazo hadi usiku wa mazoezi ya mwisho. Onyesho likianza, msimamizi huvaa vipaza masikioni na kuwaambia mafundi, "Taa kumi na nne, jiandaeni," kisha hungoja neno fulani katika kauli ya mwigizaji, pengine pumzi tu, ndipo aseme, "Taa kumi na nne, sasa." Akitangulia hata kidogo, hadhira huona chumba kikiingia giza kabla mhusika hajagusa swichi, na kila mtu ukumbini hukumbuka ghafla kwamba anatazama maigizo. Wiki nyingi kabla ya usiku huo, ni yeye pia aliyepima ramani ya mandhari na kubandika utepe wa rangi sakafuni kuonyesha ukuta uko wapi na mlango unafungukia upande gani, ili waigizaji wasizoee kupita mahali ambapo baadaye patajengwa ukuta.

Kikundi cha maigizo kinaweza kukufundisha haya, sikatai. Tofauti niliyoiona chuoni ni kwamba nililazimika kufanya kazi ambazo nisingezichagua: muhula mmoja nilishona maleba, mwingine nilipanda ngazi kufunga taa, mwingine niliigiza ingawa sikupenda. Katika kikundi cha hiari, aliyezoea kuigiza huigiza daima na mwenye gari hubeba vifaa daima. Kwa kuwa nilipita kila upande, ninapokaa leo na mbunifu wa taa ninaelewa anachoomba na ninajua kitachukua muda gani. Ujuzi huohuo umenipatia kazi za kuratibu mikutano mikubwa, matamasha na vipindi vya moja kwa moja, kwa sababu waandaaji wa shughuli hizo wanamhitaji mtu anayeweza kuwaongoza wengi gizani, kwa sauti ya chini, bila kubabaika mambo yanapokwenda kombo.

MkongweWaMaigizo

Natofautiana kidogo na ndugu aliyetangulia, kwa heshima. Mjomba wa kijana huyu hakukosea kabisa. Katika usaili hakuna anayeomba kuona cheti. Mwongozaji anataka kuona unaingiaje, unamsikilizaje mwenzako, na ukiambiwa uirudie kauli ileile kwa nia tofauti, unabadilika kweli au unarudia ulichokariri nyumbani. Hata mfumo wa uigizaji wa Konstantin Stanislavski, ambao leo vyuo vingi vinaufundisha kwa namna moja au nyingine, haukuzaliwa darasani. Ulitokana na kazi ya mwigizaji na mwongozaji ambaye mwaka 1898 alianzisha Moscow Art Theatre pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, na ambaye alisumbuliwa na swali la vitendo: mwigizaji afanye nini ili jambo alilolihisi kweli usiku wa kwanza lisigeuke mazoea matupu baada ya kulirudia usiku mwingi?

Kwa hiyo anayetaka uigizaji peke yake achunguze kwanza shule za uigizaji, ambako siku nzima ni sauti, mwili na maonyesho, kabla ya kuomba shahada yenye insha nyingi. Na yeyote atakayeshika njia hii ajue mapema kwamba ajira zake ni za vipindi: mkataba wa onyesho moja, kisha kipindi kisicho na malipo, kisha mkataba mwingine ukipatikana. Waigizaji hodari hufanya kazi nyingine katikati, na hilo si aibu wala si dalili ya kukosa kipaji. Linaloniumiza ni kuona wahitimu wakiletewa mkataba wa kwanza wasijue kuuliza kama onyesho likirekodiwa na kurushwa tena watalipwa chochote. Chuo kinachotaka kuwaandaa watu kwa kazi za ubunifu kinapaswa kuwafundisha kusoma mikataba, kuweka kumbukumbu za mapato na kujiwekea akiba, kwa uzito uleule kinaoutoa kwa mazoezi ya pumzi.

MhadhiriWaTamthiliya

Nimefundisha sanaa hii kwa muda mrefu, na ninakubaliana na Mkongwe kuhusu usaili na hasa kuhusu mikataba. Hata hivyo, mwanangu, nadhani mkanganyiko wako una chanzo ambacho hakijaelezwa hapa. Vyuo vikuu vina mila mbili tofauti zinazokaa chini ya paa moja.

Mila ya kwanza ni ya kutengeneza maonyesho. Nchini Marekani, kozi ya kwanza ya kutoa shahada ya tamthiliya ilianza mwaka 1914 katika taasisi ambayo leo ni Carnegie Mellon University, na tangu mwanzo msingi wake ulikuwa kazi ya jukwaani. Mila ya pili ilikuja baadaye. Richard Schechner, mwongozaji aliyekuwa akifundisha New York University, akisaidiana kimawazo na mwanaanthropolojia Victor Turner, alishikilia kwamba utendaji hauishii jukwaani: harusi, mazishi, kesi mahakamani, hotuba ya mwanasiasa na mchezo wa mpira vina watendaji, hadhira, mavazi maalumu na mpangilio wa matukio, na vinaweza kuchunguzwa kwa macho yaleyale tunayotazamia tamthiliya. Idara ya masomo ya utendaji ilianzishwa chuoni hapo mwaka 1980, na vyuo vingine vingi vikafuata mkondo huo. Ukiona maelezo ya chuo yamejaa maneno kama utambulisho, mwili na kumbukumbu ya jamii, unasoma mila ya pili. Ukiona karakana, ukumbi na idadi ya maonyesho, unasoma ya kwanza. Programu nzuri, kwa maoni yangu, ni ile inayokulazimisha kuzipitia zote mbili, kwa sababu anayetengeneza bila kuuliza hurudia alichokiona, na anayeuliza bila kutengeneza hajui gharama ya wazo lake linapofikishwa kwa fundi seremala.

Kuhusu ajira, nitoe mfano mmoja ambao watu hawautarajii. Mwaka 1963, daktari wa mfumo wa neva Howard Barrows, akiwa University of Southern California, alianza kumtumia mtu mzima wa afya aliyefundishwa kuigiza mgonjwa, ili wanafunzi wa udaktari wapimwe jinsi wanavyomhoji na kumchunguza. Njia hiyo imeenea katika vyuo vya udaktari, na waigizaji huajiriwa kuifanya. Tazama kinachodaiwa hapo: mwigizaji lazima aeleze maumivu yaleyale, kwa kiwango kilekile, mbele ya kila mwanafunzi anayeingia chumbani, asiongeze chumvi kwa huyu na kumwonea huruma yule, kisha atoke katika uhusika na kumwambia mwanafunzi kwa upole alivyojisikia alipokatizwa akiwa bado anaeleza. Huo uwezo wa kurudia bila kuchakaa ndio uleule uliomsumbua Stanislavski.

Mfano wa pili ni Augusto Boal wa Brazil, aliyekuza aina ya onyesho ambalo hadhira inaweza kulisimamisha, mtazamaji akapanda jukwaani kuchukua nafasi ya mhusika anayeonewa na kujaribu njia nyingine ya kujikomboa. Katika miaka ya 1990, akiwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, alitumia maonyesho ya namna hiyo kukusanya mapendekezo ya sheria kutoka kwa wananchi. Wahitimu wetu wanaofanya kazi magerezani, hospitalini, shuleni na katika mashirika ya kijamii hutumia mbinu zake, na kazi hiyo inahitaji mtu anayejua kuandika, kuongoza mjadala na kulinda utu wa wanaoshiriki, zaidi ya anayejua kung'ara jukwaani.

Unapochagua chuo, usitosheke na orodha ya masomo. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho wameshiriki katika maonyesho yapi na kwa nafasi zipi, maana kuna idara ambamo wachache hupewa nafasi kubwa kila mwaka na wengine wote hubaki watazamaji. Uliza pia kama walimu wenyewe bado wanatengeneza kazi nje ya chuo, na kama kuna wakati ambapo wanafunzi hupewa ukumbi na bajeti ndogo wafanye onyesho lao kuanzia wazo hadi kufungua pazia. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi hujifunza kumshawishi mtu asiyemlipa aje mazoezini kwa wakati.

ChipukiziWaJukwaa

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote kwa majibu ya kina. Sasa ninaelewa kwa nini maelezo ya vyuo yalionekana kupingana, na kwa mara ya kwanza nina jambo la kuwaeleza wazazi. Nimebaki na swali moja. Kama ninataka kuingia kupitia uandishi kuliko uigizaji, nijiandae vipi kwa usaili wa chuo, na je, uandishi wa tamthiliya haungefaa kusomewa katika idara ya fasihi?

MtunziWaMajibizano

Idara ya fasihi itakufundisha kuisoma tamthiliya, na hilo lina faida yake, lakini mimi ninaandikia redio na jukwaa na ninakushauri uende mahali penye waigizaji. Kauli inayopendeza kwenye karatasi mara nyingi hukwama mdomoni. Kuna sentensi ambazo mwigizaji hawezi kuzimaliza kwa pumzi moja, na kuna maelezo marefu ya huzuni ya mhusika ambayo mwigizaji mzuri huyafanya yasihitajike kwa kugeuka tu na kumpa mwenzake mgongo. Mtunzi akiketi mazoezini huliona jambo hilo likitokea mbele yake, akachukua penseli na kufuta aya nzima bila uchungu. Katika redio ni kinyume: mgongo hauonekani, kwa hiyo mlango, nyayo, kikohozi na ukimya vinapaswa kuandikwa. Nilijifunza tofauti hiyo kwa sababu mswada mmoja ulinibidi kuuandaa kwa njia zote mbili katika muhula mmoja, na wanafunzi wenzangu ndio walioutenda.

Kwa usaili, usipeleke kazi ndefu. Andika onyesho fupi la wahusika wawili, mahali pamoja, ambapo kila mmoja anataka kitu ambacho mwenzake hataki kumpa. Waombe marafiki wawili walisome kwa sauti huku wewe umenyamaza kabisa, wala usiwaeleze ulichokusudia. Weka alama kila wanapojikwaa na kila unapohisi wasikilizaji wamechoka. Liandike upya, walisome tena. Nenda usailini na toleo la kwanza na la mwisho, uwe tayari kueleza ni kauli gani uliiondoa baada ya kuisikia na kwa nini, kwa sababu wanaosaili wanajali zaidi jinsi unavyosahihisha kazi yako kuliko ukamilifu wake. Ukipata nafasi ya kuuliza nawe, uliza kama wanafunzi wa uandishi huruhusiwa kukaa katika mazoezi ya tamthiliya zao wenyewe, maana kuna programu ambamo mswada hukabidhiwa mwongozaji na mtunzi akaalikwa usiku wa onyesho tu.